Siku Nne za Msiba kwa Kila Mtu

Mwaka wa 1990, nikiwa na miaka thelathini na moja, shida ilianza. Kabla ya hapo nilikuwa maskini, lakini umaskini na shida si kitu kimoja. Maskini anajua leo atalala wapi. Mimi nilikuwa mtunza bustani kwa watu waliokuwa na mbwa wawili na magari matatu, nikilala katika kijumba nyuma ya nyumba yao, na mwezi wa tatu mwaka huo wakahamia ng'ambo. Mbwa walitafutiwa makao. Mimi nilipewa barua ya kunisifu, kurasa mbili, na mkono wa kwaheri.

Shule niliishia darasa la nne. Barua ile ilinichukua wiki moja kuisoma. Ilisema mimi ni mwaminifu na ninajua kunyoosha ua. Tangu siku hiyo hakuna mtu hata mmoja aliyeniomba niionyeshe.

Nikapanga chumba Sarang'ombe, Kibera, na kila asubuhi nikawa natembea hadi Kawangware. Huko kulikuwa na kiwanda cha kushona yunifomu za shule kilichochukua vibarua getini. Tulikuwa tunasimama watu hamsini, sitini, na nyapara anatoka kuchagua kumi. Nyapara huyo alikuwa na njia yake ya kuajiri. Alisalimia kwa lugha ya kwao. Anayeitikia vizuri anaingia. Asiyeelewa anabaki nje akijifunza lugha.

Nilisimama pale wiki tatu. Salamu nilishazijua zote, ya asubuhi na ya mtu aliyetoka safari, lakini ulimi ulinisaliti. Siku ya ishirini na mbili likaja lori la vitambaa. Jora moja la kitambaa cha suruali linatosha kumlaza mtu chini, na ndugu wote wa nyapara walikuwa watu wadogo wadogo. Akaangalia huku na huku, akanyoosha kidole.

"Wewe mwenye shingo, kuja."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Shingo, si barua.

Nilibeba majora miaka mitatu. Halafu mwaka wa 1993 nyapara akamwingiza binamu yake kwenye meza ya kukata. Huyo binamu alikuwa kijana mpole sana, hana kelele na mtu. Alikata suruali mia mbili, miguu yote ya kushoto. Mwenye kiwanda, ambaye sote tulimwita mdosi, alizitandika sakafuni akazitazama kwa muda mrefu kama mtu anayetazama shamba lililopitiwa na nzige. Siku hiyo nyapara na binamu waliondoka pamoja. Mimi nikaitwa ofisini.

"Wewe una ndugu wangapi humu ndani?" mdosi akauliza.

"Hakuna."

"Binamu?"

"Hakuna."

"Shemeji? Mtu wa kanisa lenu?"

"Mdosi, mimi sina mtu. Wazazi walikufa nikiwa mdogo, nikalelewa misheni."

"Vizuri sana," akasema. Pole hakunipa. "Kuanzia kesho wewe ndiye utachagua watu."

Kazi hiyo siku hizi vijana wanaisomea miaka minne na wanavaa kofia ya mraba wakimaliza. Wanaiita rasilimali watu. Wakati wetu iliitwa personeli, na rasilimali ilikuwa ni kitambaa. Mimi niliingia kwa sababu sikuwa na binamu.

Nitasema wazi kwamba niliifanya vizuri, kwa sababu asiyejisifu hunyimwa sifa hata na aliyeona. Getini nilipiga marufuku salamu za kikwetu. Sikumuuliza mtu kwao ni wapi. Nilimpa sindano na uzi nikatazama mikono. Mkono hauna kabila. Ama unajua, ama haujui. Nilimchukua binti asiyesikia, ambaye kila kiwanda kilikuwa kimemfukuza, kwa sababu kwenye chumba kile cha mashine hata sisi wenye masikio hatukuwa tunasikia. Nilimchukua mama mwenye mguu mmoja mfupi nikampa kazi ya vifungo, ambayo haitaki miguu. Na kila meza nilichanganya watu: mmoja wa ziwani, mmoja wa Magharibi kama mimi, mmoja wa Kati, mmoja wa Makina, mtaa wa Wanubi pale Kibera. Watu walisema ninaleta umoja. Ukweli ni kwamba nilitaka wasengenye kwa Kiswahili ili nisikie.

Lakini misiba ndiyo iliyonishinda.

Lazima nieleze kwanza jambo moja. Kiwandani mle kulikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote, na ndiyo iliyofuatwa kuliko zote: kiti ni cha anayekikalia. Ukitoka na mwenzako akakaa kwenye mashine yako mpaka mkono wake ukaizoea, hiyo ni mashine yake. Utarudi uanze upya kwenye majora. Watu walikuja kazini na malaria, wanatetemeka juu ya cherehani, kwa kuogopa kiti. Kwa hiyo mtu akifiwa, analia mara mbili: analia maiti na analia kiti. Na kila aliyefiwa alikuja kwangu na hesabu yake ya siku. Huyu tatu, huyu kumi, yule anasema tatu anarudi baada ya wiki mbili. Nikiongeza hapa, wale wa meza ile wananung'unika kwamba ninapendelea kabila fulani. Nikipunguza pale, nimelichukia.

Mwaka wa 1995 nikaamua kumaliza maneno. Nikaita fundi wa kuandika mabango, akaandika kwa rangi nyeusi juu ya ubao mweupe, tukautundika mlangoni: MSIBA NI SIKU NNE KWA KILA MTU. SIKU YA TANO KITI KINA MWENYEWE MWINGINE. Niliona nimeumaliza ukabila kwa kopo moja la rangi. Mdosi alisimama chini ya ubao akatikisa kichwa akisema hata serikali haina kitu kilichonyooka hivyo. Mimi mwenyewe nilikuwa napita pale mara nyingi kuliko nilivyokuwa na haja.

Aliyekuja kwanza ni mpiga pasi wetu, mtu wa ziwani aliyekuwa anakaa kijiji cha Raila, huko huko Kibera, mdomo wake ukiwa mkali kuliko pasi yake. Baba yake alikuwa amefariki.

"Omera," akaniambia, yaani ndugu kwa lugha ya kwao, "hizi siku nne zako zinaanza lini?"

"Leo."

"Maiti yetu inapanda gari kwenda nyumbani. Siku moja kwenda, siku moja kurudi. Zinabaki mbili. Hizo ni za kuchimba ama za kulia?"

"Lia ukichimba."

"Na kunyoa je? Mimi ndiye kifungua mimba. Nikiondoka kabla ya kunyolewa, hiyo nyumba ya baba yangu nitaingia tena na miguu gani?"

"Nywele zinanyolewa hata Kawangware," nikasema.

Alinitazama kama unavyotazama mtoto aliyetukana bila kujua maana ya tusi. Alienda, akarudi siku ya sita, kichwa kinang'aa. Siku ya tano nilikuwa tayari nimemweka yule binti asiyesikia kwenye pasi. Mpiga pasi nikampeleka kwenye majora, na kuanzia hapo hakuniita tena mkubwa. Aliniita Bwana Siku Nne. Kufikia mwisho wa wiki kiwanda kizima kiliniita hivyo, hata mtu wa chai.

Sikujali. Sheria ilikuwa imefanya kazi. Ilimkata mtu, na haikuuliza kabila lake.

Sasa nije kwa mama wa Makina. Alikuwa amefika kiwandani kabla yangu, Mnubi, mtaratibu, mwenye leso kichwani na macho yasiyokosa kitu. Kazi yake ilikuwa mashine ya kushona matundu ya vifungo. Mashine hiyo ilikuwa moja tu. Kila shati la kiwanda kile lilipita mikononi mwake, kwa maana shati bila matundu ni kitambaa chenye mikono. Hakuna mwingine aliyeijua, naye hakuwa na haraka ya kumfundisha mtu. Simlaumu. Nimeshaeleza habari ya viti.

Mwisho wa Septemba 1996 mumewe, dereva wa lori, alianguka asubuhi ya Jumanne. Habari ilinifikia saa nne. Jioni nilipopita Makina kutoa pole nikitoka kazini, nilikuta ameshazikwa na watu wanakunywa kahawa. Nilisikitika, lakini kichwa changu cha personeli kilifurahi. Nikajiambia, hawa ndio watu. Amezika siku ya kwanza, amebakiwa na siku tatu nzima za kupumzika.

Siku ya tano hakuja. Mashati yakaanza kurundikana kando ya mashine yake. Jioni nikaenda.

Mama mkwe wake alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni, mwanamke mzee aliyezaliwa pale pale wakati Kibera bado ina miti. Alinikaribisha, akaniletea chai na mahamri. Nikanywa, nikala mawili, ndipo nikasema.

"Mama, nimekuja kuuliza mfanyakazi wangu anarudi lini."

"Baada ya miezi minne na siku kumi."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Yuko eda, baba. Mjane hatoki nyumbani kwa marehemu mpaka eda iishe. Kwani wewe unakaa wapi?"

"Sarang'ombe."

"Tangu lini?"

"Tangu tisini."

"Miaka sita, hapo karibu, na hujui." Alinitazama juu hadi chini. "Na mahamri yetu?"

"Hayo nayajua."

Akanisogezea sahani.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia. Alikuwa yeye, mama wa mashine, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Mkubwa, mshahara sikuombi. Sikuombi malipo ya siku hata moja, ndugu za marehemu watatulisha mpaka eda iishe. Niwekee kiti tu. Nina watoto watatu, na mikono hii haijui kazi nyingine. Nikirudi nikapewa majora, mgongo huu hautamaliza mwaka."

"Sheria ni siku nne," nikasema.

"Hiyo yako uliiandika wewe," akajibu. "Hii yangu sikuiandika mimi."

Nilirudi Sarang'ombe nikiwa nimekasirika, na nilikuwa na hasira na Wanubi, na eda, na yule bibi kwa kunihesabia miaka. Nilipofika chumbani hasira ikaanza kunigeukia. Mimi nilikuwa mtu asiyekuwa na wa kuzika. Sijawahi kunyolewa matanga, sijawahi kupanda gari na jeneza, wala hakuna aliyeniachia nyumba ya kukalia eda. Ndipo mtu kama huyo akakaa chini akapima misiba ya watu themanini kwa kipimo chake, akakata suruali ya namba moja, akawaambia wote wavae, na aliyebanwa akaambiwa ni mkaidi. Hata fundi anayeanza angeona kosa hilo. Mimi nililiwekea ubao.

Asubuhi nikaenda kwa mdosi, nikamweleza. Alinisikiliza huku akikata kucha.

"Toa mtu, weka mtu," akasema. "Si ndiyo sheria yako?"

"Ndiyo."

"Si rangi yake ilinunuliwa na mimi?"

"Ndiyo."

"Shule zinafunguliwa Januari. Mashati yasipoondoka hapa kabla ya Krismasi, wenye maduka watanunua kwingine. Na ukimvunjia huyu mama sheria, kesho yule wako wa pasi atakuja na habari ya nywele. Utamwambia nini?"

Mdosi alikuwa na akili, ndiyo maana alikuwa mdosi. Kumweka msichana mwingine ilikuwa rahisi; wangejipanga foleni. Lakini kufikia Februari mkono wa msichana huyo ungekuwa umeota mizizi kwenye mashine ile, naye angekuwa na haki yake, na mama wa Makina angerudi kubeba majora. Kiti kile kilitaka mtu wa kukikalia asiyeweza kukitamani. Mtu mwenye kiti chake tayari.

"Nitakaa mimi," nikasema.

Mdosi aliacha kukata kucha. Akaitazama mikono yangu, ambayo ilikuwa imenyoosha ua miaka tisa na kubeba majora miaka mitatu.

"Wewe?"

"Asubuhi nachagua watu getini, halafu nakaa kwenye mashine."

"Haya. Mashati yasipotoka kabla ya Krismasi, huyo mama hana kiti. Na wewe huna kiti. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Hakuwa mtu wa kurudia.

Siku ya kwanza nilivunja sindano tatu na kuharibu mashati kumi na moja. Mashine ile ilikuwa inapiga kama mvua ya mawe, na kisu chake kinashuka kukata tundu wakati ambapo mimi bado natafuta pa kuweka kidole. Jioni nikawa tena kwenye mkeka wa Makina, nimeshika shati, mama mkwe ananitazama na pazia linasikiliza.

"Unavuta kitambaa?" pazia likauliza.

"Kidogo."

"Usivute. Kishike kama unamshika mtoto anayejua njia. Na mguu unakanyaga vipi?"

"Kama kawaida."

"Kawaida yako ni ipi? Vua kiatu."

Kesho yake nilishona bila kiatu. Kiwanda kizima kikaja kuona, wengine wakisingizia kupita kwenda msalani. Mkubwa wa personeli, mguu wazi, shingo imeinama, anatoboa mashati ya watoto. Mpiga pasi wa zamani alipita na jora begani, akasimama.

"Bwana Siku Nne. Leo ni siku ya ngapi?"

"Ya saba."

"Kumbe hesabu inapita nne! Sisi tuliambiwa inaishia hapo."

Aliuliza kila siku. Siku ya kumi na saba. Siku ya thelathini na mbili. Wanawake wa meza ya kola walikuwa wanasubiri swali hilo kama watu wanavyosubiri chai. Mmoja akasema yeye naye anasilimu, akifiwa na mume apate miezi minne ya kulala. Mpiga pasi akamwambia, "Wewe mumeo hafi, amekuogopa." Nikaendelea kushona. Nilijua kicheko kile kina kitu ndani, na sikuwa na jibu lake.

Jibu lilitakiwa mwezi wa kumi na moja. Ilikuwa asubuhi, mashati yamerundikana kufika kiunoni, mimi niko nyuma kwa karibu nusu ya kazi. Mpiga pasi aliingia na jora, akaliweka chini katikati ya chumba, akalikalia.

"Inuka," nikamwambia.

"Siinuki."

"Meza ya kukata inangoja."

"Ingoje. Mimi nilingoja." Sasa hakuwa anacheka. "Yeye miezi minne na siku kumi, na mkubwa mzima anamlindia kiti, anavua mpaka viatu. Mimi siku sita, nikang'olewa. Baba yangu alikuwa mbuzi?"

Mmoja mmoja wakaanza kuzima mashine. Kelele ilipoisha kabisa, nilisikia kwa mara ya kwanza kwamba kiwanda kile kilikuwa na jogoo jirani. Mdosi alitoka ofisini, akaegemea mlango, mikono kifuani. Alitaka kuona kama nina kiti ama sina.

Ningeweza kumfukuza kazi. Getini kulikuwa na watu arobaini wanaojua kubeba jora. Lakini mtu huyo alikuwa anasema kweli tupu. Nilisimama. Mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna.

"Nilikosea," nikasema.

"Sikusikia," mpiga pasi akasema. "Mashine zina kelele."

"Mashine zimezimwa."

"Basi rudia."

"Nilikosea. Ulienda kumzika baba yako kama mtu anavyomzika baba, na mimi nikakuchukulia kiti. Sikujua. Na mtu asiyejua angeuliza. Mimi nilipaka rangi."

Sijawahi kuombwa msamaha na mwajiri yeyote maishani, kwa hiyo sikujua kinachofuata ni nini. Nikaongeza, "Pasi yako sasa ina binti. Nikimtoa nimefanya lile lile."

"Nani amesema umtoe?" akafoka. "Huyo ana kosa gani? Pasi anaijua kuliko mimi. Mimi nilitaka useme." Akageuka kwa wenzake. "Mmemsikia?"

"Tumemsikia," wakasema.

Alikaa juu ya jora kitambo kidogo bado, kwa heshima yake, ndipo akainuka akalibeba.

Chakula cha mchana siku hiyo kilichukua muda mrefu. Nilikaa chini kati yao nikafanya nilichopaswa kufanya mwaka uliopita. Nikawauliza mmoja mmoja, kwenu mnazikaje? Nilijifunza mambo ambayo umri wangu ulipaswa kuyajua. Mmoja akaeleza kwa nini mkwe haingii siku ya kwanza. Mwingine akasema kwao ni siku mbili tu, na huongopa kuwa ni tano ili apate kulima. Mpiga pasi akasimulia kunyolewa kwa kifungua mimba, taratibu, bila mzaha hata mmoja, na yule mwanamke wa kusilimu alimsikiliza mpaka chakula chake kikapoa. Wale wa Makina wakaeleza eda. Ubao ukashushwa. Tukakubaliana hivi: mtu akifiwa atataja siku zake kabla ya kuondoka, mbele ya meza yake, na meza itajua kama anadanganya. Na kiti chake kitakaliwa na mtu mwenye kiti chake, kwa zamu, ili pasiwe na mkono utakaozoea. Siku ambazo hayupo hazina malipo. Kiti kipo.

Mdosi alisikiliza yote akiwa mlangoni. Alichosema ni kimoja: "Krismasi ni Krismasi."

Nilikuwa bado niko nyuma. Hapo ndipo wanawake wa meza ya kola, ambao sikuwaomba, walipoanza kuchukua mashati saa ya chakula na kushona matundu kwa mkono, sindano na uzi, hatua ndogo ndogo. Mama mkwe wa Makina akatuma neno kwamba mjane anaweza kushona akiwa ndani, eda haikatazi sindano. Basi nikawa nabeba furushi la mashati jioni hadi Makina na kulichukua alfajiri. Shingo yangu ilikuwa bado inajua kazi. Mashati ya mwisho yaliondoka siku mbili kabla ya Krismasi. Yale niliyoshona mimi tuliyaweka chini ya yale ya wengine.

Alirudi Februari. Siku ile sikuwa nimesahau tarehe. Nilifika nikaifuta mashine, nikaipaka mafuta, nikakikalia kiti kwa mara ya mwisho kwa sababu sheria ni sheria. Aliingia na leso mpya, amekonda kidogo. Akasalimia meza zote. Halafu akaja kwangu, akachukua shati nililokuwa nimemaliza, akaliinua dirishani na kulitazama tundu kwenye mwanga.

"Hiki ni nini?"

"Tundu la kifungo."

"Hapa kifungo kitaingia na mwenzake." Akaliweka shati pembeni, mbali na mengine. "Haya, toka kwenye kiti changu."

Nikatoka. Alikaa, akavua kiatu, akaanza. Hakusema asante, na sikuingoja. Mashine ile haikuwahi kulia hivyo mikononi mwangu. Mpiga pasi alipita na jora, akafungua mdomo kuuliza siku, akaona nani amekaa, akaufunga. Akaenda zake.

Mwaka uliofuata mdosi alifungua kiwanda cha pili, akanipa vyote viwili. Kwa watu wote waliomwomba kazi hiyo, na wengine walikuwa na vyeti, alisema anataka yule aliyekalia kiti miezi minne akakirudisha. Alimnunulia mpiga pasi pasi ya pili, kwa sababu mashati yalikuwa yameongezeka, si kwa sababu ya haki, alitaka nielewe hivyo. Mlango wangu ukaandikwa Meneja wa Wafanyakazi. Kufikia mwisho wa miaka ya tisini nilikuwa na watu mia tatu na arobaini, na wakati mwingine waliniita kwenye hoteli za mjini nikawaeleze wasomi namna ya kukaa na watu wa kila aina. Wasomi hao wanaandika sana. Niliwaambia waanze kwa kuuliza watu wanazikaje. Waliandika hilo pia.

Mama wa Makina alishona matundu kwenye kiti kile miaka minane zaidi, na alipostaafu alimfundisha binti yake mwenyewe mashine. Nilimpima binti huyo kwa sindano na uzi kama mtu mwingine yeyote. Alifaulu.

Nilicho nacho leo ni hiki. Shamba la ekari tatu nyumbani Magharibi, lenye hati. Nyumba ya matofali ya vyumba vinne, mabati ya kijani. Vyumba kumi na viwili vya mawe vya kupangisha Kawangware, maji yako kiwanjani. Pikapu moja, kuukuu. Ng'ombe watatu, mmoja ana mimba. Matangi mawili ya maji. Kaburi nililojichagulia chini ya shamba, ambalo halijachimbwa. Televisheni moja. Miwani miwili, ya kusomea na ya kutazamia mbali.